Kinyago na Jeraha: Kuusoma Uchongaji wa Wamakonde

Wahenga walinena kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu asijivune mbele ya yule aliyemlea. Lakini ina maana nyingine itufaayo tutazamapo uchongaji wa Wamakonde: binadamu awezapo kukipa umbo kile kinachomtisha, hapo ndipo aanzapo kukitawala.

Wamakonde wanayo hadithi ya asili yao. Husimuliwa kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga mti sura ya mwanamke, akausimamisha. Kulipopambazuka, sanamu ilikuwa mwanamke hai, naye akawa mkewe. Watoto wao wa mwanzo, waliozaliwa bondeni karibu na mto, walikufa. Yule wa tatu, aliyezaliwa juu nyandani, ndiye aliyeishi. Watu wasemao kwamba mama yao alitoka mikononi mwa mchongaji hawawezi kuuhesabu uchongaji kuwa pambo tu. Kwao ni jibu la swali, “Sisi ni nani?”

Historia nayo iliwaongezea misiba. Waliokaa kusini ya mto Ruvuma, katika nyanda za Mueda nchini Msumbiji, walitozwa kodi na kutumikishwa kwa nguvu na Wareno. Wengi walivuka mto wakaja Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na baadhi yao walikuja na ufundi wao wa kuchonga. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi wananchi waliokusanyika Mueda. Vita vya ukombozi vilianza mwaka 1964, na uhuru ukapatikana mwaka 1975.

Ni miongoni mwa wahamiaji hao mitindo miwili mashuhuri ilipochipuka. Wa kwanza ni ule tuuitao Ujamaa: gogo moja la mpingo lenye watu wengi waliobebana na kushikana. Mwanzilishi atajwaye ni Yakobo Sangwani, ambaye kazi zake za awali ziliitwa dimoongo, yaani nguvu, zikimwonyesha mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Jina la Ujamaa lilikuja baadaye. Kwa hiyo hukosea wale wadhanio kwamba mchongaji alikuwa akifasiri hotuba za viongozi. Siasa ndiyo iliyolikuta wazo hilo limekwisha kusimama ndani ya mti.

Mtindo wa pili ni wa shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa. Hapa kiwiliwili hupindika, jicho huwa moja, tumbo hutobolewa, na viungo huota pasipo pake. Walimu wengi huukwepa mtindo huu wakiuona kuwa ni ushirikina. Ni kweli kwamba hutokana na imani za mizimu na pepo, na si haki kusema kila shetani ni kumbukumbu ya ukoloni. Wengine wanacheka tu. Hata hivyo, mwili uliovunjwa namna ile, nao bado umesimama, haukosi kutukumbusha watu waliovunjwa wasianguke.

Rai yangu ni kwamba mitindo hii miwili isitenganishwe. Shetani huonyesha jeraha. Ujamaa huonyesha jinsi majeruhi alivyosimama. Tukimwonyesha kijana Ujamaa peke yake, tunampa umoja usio na gharama. Tukimwonyesha shetani peke yake, tunampa hofu isiyo na tiba.

Hatari iliyopo leo ni ya soko. Viko vinyago ambavyo nyuso zake zote ni moja, vilivyochongwa kwa mti mwepesi na kupakwa rangi ya viatu ili vifanane na mpingo. Katika kazi kama hiyo watu wamepangwa tu, hawabebani. Katika Ujamaa wa kweli, kila aliye juu ana mtu amwegemeaye, na aliye chini kabisa ana uso wake, si kigingi.

Basi mwalimu, ukipata kinyago, kiweke mezani mbele ya wanafunzi. Usianze kwa kuwaambia maana yake. Waulize: nani anambeba nani? Ukimwondoa huyu, nani ataanguka? Wakijibu maswali hayo kwa kukitazama kinyago chenyewe, watakuwa wameanza kujisoma wao wenyewe.