Candida Royalle: Mwanamke Aliyeigeuza Kamera

Wapo wanaoikimbia kazi iliyowaudhi, na wapo wanaorudi kuitengeneza. Candida Royalle wa New York alikuwa wa kundi la pili, na kwa hilo anastahili pongezi.

Alizaliwa mwaka 1950. Katika miaka ya 1970 aliigiza filamu za watu wazima, akaona zilivyotengenezwa na wanaume kwa ajili ya wanaume. Mwanamke alikuwa pambo tu. Hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Mwaka 1983 yeye na waigizaji wenzake wakaanza kukutana nyumbani kwa mmoja wao, jengo namba 90, barabara ya Lexington. Walisikilizana, wakafarijiana, na kikundi wakakiita Club 90.

Mwaka uliofuata akaanzisha kampuni yake, Femme Productions. Hapo kamera ikabadili tabia. Haikukimbilia viungo, ilitulia usoni, ikafuata mkono unaopapasa bega, ikasubiri hadithi ikomae. Mwanamke akawa na kauli, akawa na raha yake. Wenzake wa Club 90 hakuwasahau: aliwapa nao nafasi ya kuongoza filamu.

Royalle alifariki mwaka 2015. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Schlesinger, Chuo Kikuu cha Harvard. Unaweza usizipende filamu hizo, wala usizitazame kamwe. Lakini utu hauchagui kazi. Aliyeudai mahali ambapo wengi waliona haya hata kupataja, tumpe haki yake.