"Kuperuzi" si Kuhakiki

Kuna kitenzi cha Kiingereza kinachopendwa sana maofisini hapa Uganda: "peruse". Hukumu za mahakama zinakitumia, barua za ofisi pia. Maana yake ya zamani ni kusoma kwa makini, mstari kwa mstari. Lakini siku hizi Waingereza wenyewe wanakitumia pia kwa kupitisha macho tu. Neno moja, maana mbili zinazogombana.

Kiswahili kimechukua ile nyepesi. Tanzania mtu anaperuzi mitandao akiwa ndani ya daladala: anagusa hapa, anaruka pale. Si vibaya. Shida iko pale mkalimani anapolipeleka neno hilo kwenye barua ya mkimbizi. Mama anaambiwa, "Wameperuzi faili lako." Aelewe nini sasa? Walisoma, au walifunua-funua tu?

Jibu lina uzito. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa aliyekataliwa siku 30 za kukata rufaa. Akidhani kila kitu kilipimwa, atanyamaza. Akijua kuna ukurasa uliorukwa, atauonyesha.

Na maneno yetu tunayo, jamani. Hapa Naguru ninapoishi ndipo yalipo makao makuu ya polisi, na Kiswahili ni lugha ya kazi ya polisi tangu enzi za ukoloni. Askari wa getini anakagua begi: anaangalia kilichomo. Akianza kutoa nguo moja moja, hapo anapekua. Mpelelezi anachunguza: anatafuta kilichofichwa. Kila kitenzi kina kazi yake.

Kwa faili la mtu, mimi nachagua "kuhakiki". Neno hili na "haki" yametoka shina moja la Kiarabu. Tulilisikia sana 2018, serikali na UNHCR walipofanya uhakiki wa wakimbizi Uganda nzima, kwa alama za vidole na mboni za macho. Ndilo hilohilo la uhakiki wa vitabu. Na mhakiki mzuri hasemi tu "nimesoma". Anaonyesha ni ukurasa gani uliomfikisha kwenye uamuzi wake.

Ndugu wakalimani, "kuperuzi" tuwaachie wenye simu. Na ninyi ndugu wa maofisini, mkiandika "peruse", ongezeni mstari mmoja tu: mlisoma nini, na mlikuta nini.