Kioo Katikati ya Antena

Fundi hodari wa kuiga mawimbi ya sumakuumeme kwenye kompyuta utamjua kabla hajaanza kukokotoa. Huitazama antena aliyoichora, akajiuliza: sehemu ipi haina haja ya kukokotolewa?

Wengi hudhani umbo linatosha: kushoto kukifanana na kulia, kata katikati. Hapana. Chanzo cha wimbi nacho lazima kikubaliane na kioo, yaani kioo cha kuwaza kinachosimama pale unapokata; tena sumaku haiakisiki kama umeme. Mshale wa uga wa umeme ukikielekea kioo, taswira yake huelekea kinyume. Ukiwa sambamba nacho, taswira haibadiliki. Sasa weka pete ya waya inayopitisha mkondo, ikitazamana na kioo uso kwa uso. Ndani ya kioo mkondo unazunguka vilevile, basi uga wa sumaku unaopenya katikati ya pete kukielekea kioo haugeuki. Igeuze pete ubavu: mkondo wa taswira unazunguka kinyume, na uga wa sumaku, ambao sasa u sambamba na kioo, unapinduka. Kioo ni kilekile, lakini umeme na sumaku vimepishana. Uzuri huu siuchoki.

Humo ndimo zinamotoka kuta mbili unazoweza kuweka mahali pa kioo. Kwenye ukuta wa umeme, uga wa umeme husimama wima juu ya ukuta. Kwenye ukuta wa sumaku, hulala sambamba nao. Chukua dipoli ya nusu wimbi iliyosimama, inayolishwa katikati. Bapa linaloikata kiunoni ni ukuta wa umeme. Mabapa mawili ya wima yanayopita ndani ya waya wake ni kuta za sumaku. Ukikata kwa mabapa yote matatu, wavu wako wa kukokotolea, wa aina aliyoibuni Kane Yee mwaka 1966, ukiwa na seli milioni 8, unabaki na milioni 1, na jibu ni lilelile. Ila ukikata kiuno peke yake, ukinzani unaousoma kwenye mlisho ni nusu: kama omu 36 badala ya 73. Uzidishe kwa mbili.

Penye hatari ni kwenye visanduku vya mwangwi. Ukiweka ukuta wa aina moja, modi (namna wimbi linavyotetema ndani ya kisanduku) zinazohitaji ukuta wa aina ya pili hazitokei kabisa, na programu haikuonyi. Kwa hiyo nakusihi, ukitafuta modi, kokotoa mara mbili: kwanza kwa ukuta wa umeme, kisha kwa ukuta wa sumaku. Zote utazipata, na kila safari kompyuta itabeba nusu ya mzigo.