Kasi ya Kanda na Uhakiki wa Matini: Nyimbo za Nyatiti za Ufuo wa Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi

Fasihi simulizi ya ufuo wa Ziwa Viktoria, kuanzia Kisumu hadi Siaya na Homa Bay, imehifadhiwa kwa njia mbili kuu: kalamu na kanda. Kalamu imekwisha kuhojiwa vya kutosha. Tangu Finnegan (1970) hadi Okpewho (1992), wataalamu wamesisitiza kwamba wimbo ukiandikwa hupungukiwa na sauti, ishara na hadhira yake. Kanda, kwa upande wake, imepokelewa kama tiba ya upungufu huo, na aghalabu huchukuliwa kuwa shahidi asiyesema uongo. Makala haya yanadai kwamba kanda nayo ni matini iliyopitia mikononi mwa watu, na kwamba kasi yake, ambayo imeachiwa mafundi wa mitambo, ni suala la uhakiki wa fasihi.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa kuwa kanda za zamani zinahamishiwa katika mfumo wa dijitali na kurudishwa zilikotoka. Hugh Tracey alirekodi nyimbo nchini Kenya mwaka 1950 na 1952, na rekodi hizo zikahifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Mwaka 2014 kazi ya kuzirudisha Kenya ilianza, Ketebul Music ya Nairobi ikishiriki. Aidha, mwaka 1968 Owuor-Anyumba, Ngugi wa Thiong'o na Taban lo Liyong walidai fasihi simulizi ipewe nafasi katika ufundishaji huko Nairobi. Katika miongo iliyofuata wanafunzi wengi walikwenda vijijini wakiwa na vinasa sauti vya betri. Ni kanda za aina hii ya pili zinazotatiza zaidi.

2.0 Kasi kama Sehemu ya Maana

Kinasa sauti cha utepe hufanya kazi kwa ahadi moja: utepe utapita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo uleule uliotumika wakati wa kurekodi. Katika vinasa vya magurudumu mwendo huo ulikuwa, kwa kawaida, inchi 15, 7.5 au 3.75 kwa sekunde. Katika kaseti, zilizoanza mwaka 1963, ni inchi 1.875. Mtu akikosea kwa kuzidisha maradufu, sauti hupanda oktava nzima na kila msikilizaji hucheka. Kosa hilo halina madhara kwa sababu linajitangaza lenyewe.

Kosa lenye madhara ni lile dogo. Kanda ikichezwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 6, kidato hupanda takriban nusu toni. Ikizidi kwa asilimia 4, wimbo wa dakika 5 hupoteza sekunde 12 hivi. Hakuna atakayecheka, lakini mzee atasikika kama kijana, na kituo alichokiacha fanani baada ya kutaja jina la marehemu kitafupishwa. Mhakiki atakayeandika kuhusu mizani na pumzi ya wimbo huo atakuwa anahakiki mtambo.

Lipo pia kosa linalobadilika. Betri ikidhoofika wakati wa kurekodi, utepe hupita polepole zaidi na zaidi. Kanda hiyo ikichezwa kwa mwendo sahihi, wimbo huanza vizuri, kisha huongezeka kasi na kupanda kidato kadiri unavyoendelea. Katika wimbo wa maombolezo, ambao Owuor-Anyumba (1964) aliuandikia mapema kuhusiana na nyatiti, athari hiyo hufanana mno na kilele cha hisia. Ni rahisi kuitafsiri kuwa ufundi wa fanani anayezidiwa na uchungu, kumbe ni betri iliyokuwa ikiisha.

3.0 Ushahidi wa Ndani na wa Nje

Mafundi hutegemea sana mvumo wa umeme. Umeme wa Kenya una mtetemo wa hezi 50. Mvumo wake ukisikika katika kanda kwa hezi 52, huamuliwa kwamba kanda inakimbia kwa asilimia 4. Kipimo hiki ni kizuri ila kina mipaka miwili. Kwanza, vijiji vingi vya ufuoni havikuwa na umeme, hivyo rekodi zinazohitaji msaada zaidi ndizo zisizo na mvumo. Pili, baadhi ya vinasa vilikuwa na mota zinazofuata mtetemo wa umeme wenyewe. Jenereta ikishuka hadi hezi 48, mota nayo hupunguza mwendo kwa kiasi hichohicho, na mvumo huja kusomeka 50 kamili. Hapo shahidi na mshtakiwa wamekwisha kupatana.

Njia nyingine ni kusawazisha kanda na kidato cha piano, yaani hezi 440. Kwa nyatiti njia hii haina msingi. Nyuzi zake 8 hukazwa kulingana na sauti ya mwimbaji. Kulazimisha ala hiyo ilingane na piano ni kuipa asili isiyo yake, halafu kuisifu kwa kuwa na asili hiyo.

Ushahidi bora umo ndani ya utendaji. Nyuzi za nyatiti hukazwa kabla ya kuimba. Mpigaji anaweza kuharakisha mapigo apendavyo, lakini nyuzi hazipandi kidato kwa sababu ya haraka yake. Basi ikiwa mapigo na kidato cha nyuzi vinapanda pamoja, kwa uwiano uleule, kinachopanda ni mtambo. Ikiwa mapigo yanaongezeka na nyuzi zimebaki palepale, huyo ni fanani, naye asiguswe. Oduong'o, pete ya chuma ambayo mpigaji huivaa katika kidole cha mguu na kuigonga kwenye ala, huongeza uthibitisho, kwani chuma hakikazwi wala hakilegezwi.

Hata hivyo, jaribio hili hufichua kasi inayobadilika tu. Kanda iliyokosewa kwa kiasi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho huhitaji ushahidi mwingine: maneno ya kawaida yanayosemwa kati ya beti, hasa katika pakruok, ambapo watu hujisifu kwa sauti zao za mazungumzo, na masikio ya wale waliomfahamu mwimbaji.

4.0 Wajibu wa Mhariri

Wanafasihi ya Kiswahili wana uzoefu wa tatizo hili. Miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu mara nyingi haikutofautisha e na i, wala o na u. Hichens, alipohariri Al-Inkishafi mwaka 1939, hakuwa mnakili tu, alikuwa akichagua. Msomaji humdai mhariri wa namna hiyo aonyeshe mahali alipochagua na sababu zake.

Kanda idaiwe vivyo hivyo. Miongozo ya kimataifa ya hifadhi za sauti hutaka nakala ya msingi ibaki kama ilivyosomwa, na marekebisho yafanywe katika nakala nyingine. Huo ni mwanzo tu. Nakala iliyorekebishwa ifuatane na maelezo: imerekebishwa kwa asilimia ngapi, kuanzia dakika ipi, kwa ushahidi gani. Albamu ya Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue, iliuzwa kwa miaka mingi nyimbo zake tatu za kwanza zikiwa zimepandishwa kidogo, hadi zilipokuja kurekebishwa mwaka 1992. Ikiwa kosa liliweza kujificha katika kazi inayosikilizwa duniani kote, wimbo wa mazishi wenye kanda moja tu utaponea wapi?

5.0 Hitimisho

Wapo watakaosema kanda isiguswe kamwe. Msimamo huo una heshima, lakini unaheshimu betri kuliko mwimbaji. Wapo watakaosema ifanywe isikike vizuri tu. Huo nao unamtii msikilizaji wa leo na kumwacha fanani bila mtetezi. Nakala zinazorudi ufuoni hazirudi kwenye makabati pekee. Vijana wanaojifunza nyatiti huziiga, kituo kwa kituo. Kasi watakayoisikia ndiyo watakayoipiga, na baada ya kizazi kimoja kosa la mtambo litaitwa mapokeo. Kazi ya kulizuia haiwezi kuachiwa fundi peke yake. Inamhitaji mtu ajuaye mahali ambapo wimbo hupumua.