Dakika 3 za friji gadi: namna ya kumpima fundi

Makole, kama mitaa mingine ya Dodoma, friji ya dukani haipumziki: maji, soda, juisi ya zabibu, barafu za watoto. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompresa hujaribu kuanza wakati gesi bado imebanwa upande mmoja. Hukwama, huunguruma, huchemka, na mchezo huo ukijirudia huungua. Ndiyo maana kati ya soketi ya ukutani na friji huwekwa friji gadi, inayosubiri kama dakika 3 kabla ya kuruhusu umeme upite. Fundi wa elektroniki anaweza kukuundia moja kwa chipu ya taima 555, na kwa kazi hiyo ndogo unaweza kumpima vizuri kabisa.

Usidanganyike na taa kuwaka baada ya dakika 3. Chomeka balbu mahali pa friji, subiri iwake, kisha chomoa plagi ya kifaa na uirudishe baada ya sekunde 2 tu. Kifaa kizuri huanza kuhesabu upya tangu mwanzo. Kibaya huiwasha balbu papo hapo au baada ya sekunde chache, kwa kuwa kapasita ya muda ilikuwa haijamwaga chaji yake. Na mkatiko mfupi wa aina hiyo ndio hasa unaomaliza kompresa, maana gesi haijapata nafasi ya kutulia. Dawa yake ni diodi moja ndogo, 1N4148, iliyowekwa sambamba na rezista ya muda ili umeme ukizimika kapasita ijimwage upesi. Haigharimu kitu. Asiyeiweka hakuwaza umeme wetu unavyorudi.

Chipu yenyewe usiilaumu haraka. Hans Camenzind, Mswisi aliyeibuni mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani, aliweka ndani yake rezista 3 zinazolingana, zinazogawa volti katika theluthi. Kapasita ya nje hujaa kupitia rezista ya nje. Ikifika theluthi mbili za volti za chipu, pini namba 3 hubadili hali. Uilishe volti 10 au 14, theluthi mbili hubaki theluthi mbili, na muda hubaki ule ule: 1.1 mara rezista mara kapasita. Mwanzoni mchoro wake ulihitaji pini 9. Alipoona kwamba rezista ya kawaida inatosha kuijaza kapasita, zikabaki 8, na chipu ikaingia sokoni mwaka 1972 katika umbo dogo tulilolizoea. Mimi sijui kazi nyingine ya elektroniki iliyopunguzwa kwa busara namna hiyo.

Basi muda ukienda kombo, tazama kapasita. Chukua mfano wa rezista ya 330k na kapasita ya mikrofaradi 470: zinatoa sekunde 171 hivi. Lakini kapasita za elektroliti zinaruhusiwa kupishana na namba iliyoandikwa kwa asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo vifaa viwili vilivyotoka mkono mmoja vinaweza kutoa sekunde 137 na 205. Fundi makini huipima kapasita kwanza, ndipo akachagua rezista.

Kuvuja ndiko kubaya zaidi. Kifaa cha volti 12 kikikaribia mwisho wa kusubiri, kapasita imefika volti 8, na zilizobaki kusukuma chaji kupitia ile 330k ni volti 4. Hizo hupitisha maikroampea 12 tu. Kapasita ikivuja kiasi hicho, theluthi mbili haifikiwi asilani. Friji itasubiri mpaka asubuhi na maziwa yatachacha. Kwa hiyo kapasita iliyong'olewa kwenye redio kuukuu isikubaliwe sehemu ya muda, hata ikionekana nzima. Tafuta pia iliyoandikwa nyuzi 105, si 85, maana nyuma ya friji kuna joto lake, na Oktoba ya Dodoma inaongeza la kwake.

Kisha geuza bodi. Risasi ing'ae na ishike mguu wa kila kifaa pande zote, na mabaki ya dawa ya kulehemu yawe yamefutwa. Wengi huona huo ni urembo. Sivyo: vumbi la kiangazi hukaa juu ya uchafu ule, mvua za Desemba huleta unyevu, na pakawa na njia ya umeme isiyokuwa kwenye mchoro, kando ya rezista ya muda. Kapasita ya nanofaradi 100 iwe jirani kabisa na pini 1 na 8, kwa sababu 555 ya kawaida hunyonya mkondo kwa ghafla kila inapobadili hali. Pini 4 isiachwe ikining'inia. Koili ya relei iwe na diodi yake.

Kati ya upande wa volti 230 na upande wa volti 12 nataka nafasi ya milimita 6 au zaidi. Kama hakuna transfoma na umeme umepunguzwa kwa kapasita, bodi nzima ihesabiwe kuwa na umeme wa ukutani, na isitoke bila boksi la plastiki lililofungwa. Hapo sina subira na fundi yeyote.

Mwisho, mwombe taima ya muda mrefu zaidi, tuseme ya kuzima pampu ya maji baada ya saa moja. Wengi watakimbilia kapasita kubwa zaidi, na kuvuja kutakua nayo. Mwenye ujuzi atakuletea chipu ya kuhesabu, 4060. Hiyo, kwa kapasita ndogo ya plastiki ya nanofaradi 100 na rezista ya 100k, hupiga pigo moja kila milisekunde 23 hivi, na baada ya mapigo 8,192 imetimiza sekunde 188 bila elektroliti yoyote kwenye sehemu ya muda. Ukikuza rezista na kuongeza hatua za kuhesabu, saa inafikiwa. Kwa fundi huyo sibishani bei.