Sufuria Iliyozaa na Watoto Wasiopenda Kusoma

Kila siku tunalalamika kwamba watoto hawapendi kusoma. Mimi nauliza: tumewapa nini cha kusoma? Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umesaidia vitabu kuchapwa na kufika shuleni. Lakini kufika ni jambo moja, kufunguliwa ni jambo jingine. Vingi nilivyosoma vina tabia moja: mtoto mtundu anatokea ukurasa wa kwanza ili aadhibiwe ukurasa wa mwisho. Mtoto si mjinga bwana! Akiona bakora inakuja, anafunga kitabu.

Sasa chukueni Hekaya za Abunuwasi. Hapa Nkololo nimekiona kitabu hicho hakina hata jalada, na bado vijana wachunga ng'ombe wananyang'anyana. Kisa cha sufuria mnakijua. Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha na kisufuria ndani yake, eti imezaa. Mwenyewe anapokea bila swali. Mara nyingine hairudishi: imekufa. Mwenyewe anang'aka, sufuria hufaje? Basi, kama ulikubali imezaa, kubali na msiba.

Tazameni ufundi huo. Aliyeruka habari za kuzaa hawezi kucheka habari za kufa. Kicheko ndicho mshahara wa aliyesoma tangu mwanzo. Yule msomaji mzito, anayefuata mstari kwa kidole, anarudi nyuma mwenyewe bila kuamriwa na mwalimu. Na ubaya wa tamaa anauona, ingawa hakuandikiwa funzo chini.

Ila Abunuwasi ni mtu mzima, tena wa Baghdad. Mtoto wetu yuko wapi? Yumo katika Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo ya 2002. Peter na Zita wanakosa ada na sare, wanafukuzwa shule, wanaishia kuokota vitu jalalani Dar es Salaam. Ni kitabu cha kweli na kinauma. Lakini taabu imewazeesha wale watoto. Hawana nafasi ya utundu. Anayesoma kwa shida, ukimpa kilio peke yake, atadhani vitabu vyote ni matanga.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi tufiche umaskini. Tom Sawyer wa Mark Twain (1876) alipewa adhabu ya kupaka chokaa uzio, akawafanya wenzake wamlipe ili wapake wao. Je, mtoto wa Bariadi anayetumwa kufukuza ndege shambani hana ujanja kama huo? Anao tele, anakosa mwandishi.

Mimi naandika riwaya yangu ya kwanza, ya kijana aliyepoteza ndama wa babu yake. Wenzangu wananishauri niweke funzo mwishoni. Siweki. Kama mtoto wa darasa la tano hatacheka mpaka ndama aonekane, funzo hilo atalikutia wapi?