Kayamba Kabla ya Kinanda: Mtoto wa Kwale Aingiavyo Kwenye Muziki

Mzazi wa Ukunda au Diani akitaka mwanawe aanze muziki, mara nyingi huanzia dukani. Hununua kinanda kidogo cha betri chenye vitufe vya rangi na midundo iliyotiwa humo kiwandani, akampa mtoto wa miaka mitatu, na haupiti muda kinanda kinalala chini ya kitanda. Watu husema mtoto hana kipaji. Mimi nasema mtoto hakupungukiwa na kitu, mpangilio ndio uliokosewa. Ala imefika kabla ya mdundo ambao ala hiyo ilipaswa kuutumikia.

Kusini mwa Pwani upo mpangilio mwingine, na hauhitaji duka. Kwa Wadigo kuanzia Tiwi hadi Msambweni, na kwa Waduruma huko Kinango, mtoto anayekulia penye ngoma hupita hatua zinazofuatana: mwili kwanza, kisha kayamba, kisha ngoma, na ala ya kupuliza mwisho kabisa. Wanaoufuata utaratibu huu hawauiti mbinu ya kufundishia, na ndiyo maana ni rahisi kuudharau. Ukiukagua kipande kwa kipande, utaona kila hatua ina sababu yake.

Mgongoni

Mwana hutazama kisogo cha nina, na kwenye ngoma methali hii ni kweli neno kwa neno. Mama aliyembeba mtoto kwa leso arusini haachi kucheza. Mabega yanatikisika, kiuno kinazunguka, na mtoto aliyefungwa mgongoni anatikiswa kwa hesabu ile ile inayotoka kwenye ngozi ya ngoma. Mdundo unamwingia kwa masikio, na unamwingia pia kwa kifua, tumbo na miguu.

Hesabu yenyewe si nyepesi. Ngoma nyingi za pwani, chakacha ikiwa mfano unaojulikana zaidi, huenda kwa vipigo sita vidogo vinavyojirudia. Vipigo hivyo sita vinaweza kugawanywa mafungu mawili ya vipigo vitatu, au mafungu matatu ya vipigo viwili. Utamu wa chakacha uko hapo hapo: mkono mmoja unahesabu hivi, mwingine vile, na kiuno kinachagua pa kukaa. Mtu mzima aliyezoea muziki wa kuhesabu nne kwa nne huweza kuusikiliza mdundo huo kwa muda mrefu na bado asijue pa kupiga kofi.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, waliwapima watoto wachanga wa miezi saba kwa jambo linalofanana sana na hili. Waliwasikilizisha mdundo usio na mkazo popote, ambao mtu angeweza kuuhesabu kwa viwili au kwa vitatu. Watoto wengine walitikiswa mikononi kila kipigo cha pili, wengine kila kipigo cha tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea kusikiliza mdundo wenye mkazo uliolingana na jinsi lilivyotikiswa. Watoto walipofungwa macho matokeo yalikuwa yale yale. Waliomtazama tu mtu mwingine akijitikisa, wao wenyewe wakiwa wametulia, hawakuonyesha upendeleo huo. Kwa maneno mengine, mwili ndio ulioliambia sikio mdundo unagawanywa wapi.

Mwaka huo huo Erin Hannon na Sandra Trehub walichapisha utafiti uliofanywa Amerika Kaskazini kwa kutumia midundo ya Balkani, ambayo hesabu zake hazilingani. Watoto wa miezi sita waliweza kutambua midundo hiyo ilipovurugwa. Wa miezi kumi na miwili walishindwa, kwa kuwa sikio lao lilikwisha kuelemea muziki wa nyumbani. Hao wa mwaka mmoja walipochezewa muziki huo nyumbani kwa muda mfupi, uwezo ulirudi. Watu wazima hawakurejea kwa wepesi huo. Kwa mzazi wa Kwale hili lina maana moja ya wazi: mwaka wa kwanza wa mtoto ni wakati wa kumbeba ngomani. Asiyeweza kwenda ngomani aimbe na kucheza naye jikoni. Na mtoto akiwa karibu sana na vipaza sauti vya arusi, asogezwe mbali, kwa sababu masikio yake bado ni laini.

Kayamba na mbegu zake

Mtoto akishasimama na kupiga makofi, ala ya kwanza inayomfaa ni kayamba. Haina noti za kukosea, haivunjiki kwa urahisi, mikono yote miwili hufanya kazi moja, na fundi yeyote wa kijijini anaweza kuitengeneza.

Matete hukatwa kando ya mito kama Mkurumudzi, Ramisi au Umba, yakaanikwa hadi yakakauka. Hupangwa tabaka mbili bapa na kufumwa kwa kamba, vijiti vikaziba kingo, na katikati ikaachwa nafasi nyembamba ya kutia mbegu. Kayamba ya mtu mzima ni pana mno kwa mtoto. Yake iwe na upana wa sentimita ishirini hivi, ili vidole vishike kingo na vidole gumba vifike juu ya matete bila kunyooshwa. Mbegu zisijae. Zitandazwe tabaka jembamba tu chini, kwa sababu sauti hutokana na mbegu kusafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na zikijazana hazina pa kusafiri.

Hapa pana onyo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Mbegu za turituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi, hutumika kwenye ala za kutikisa na hata kwenye mapambo. Ni ngumu, ni laini juu, na zinatoa sauti kali. Lakini ndani yake mna sumu iitwayo abrini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali za mimea, na mbegu moja iliyotafunwa inaweza kumdhuru mtoto vibaya. Kayamba ya mtoto isitiwe turituri kamwe. Tia mtama au choroko zilizokaushwa vizuri juani ili wadudu wasiingie. Na kwa kuwa hata choroko inaweza kumpalia, mfumo wa kamba ukaguliwe kila mara, na aliye chini ya miaka mitatu apige akiwa na mtu mzima pembeni.

Kuipiga kunaonekana rahisi hadi ujaribu. Mbegu hazilii pale mkono unapoanza kwenda, hulia zinapofika upande wa pili. Kwa hiyo mkono lazima utangulie kipigo. Mwanamke aliyezoea kupepeta mchele kwenye uteo anaujua mwendo huu tayari: kiwiko kinatulia, kifundo cha mkono kinainua na kushusha, na kilichomo ndani kinafanya kazi yake. Mtoto wa miaka mitatu hutikisa kwa bega zima, mbegu zikatawanyika na sauti ikawa mvurugo. Usimwambie atikise polepole. Simama nyuma yake, shika kingo pamoja naye, mtikise pamoja vipigo vichache, kisha legeza mikono yako bila kusema neno. Mkono wake hubeba mwendo ulioachiwa.

Kazi ya gumba huja baadaye. Mbegu zinapoendelea kusafiri, gumba hugonga matete kutia mkazo. Katika vipigo sita, gumba ligonge cha kwanza na cha nne. Mtoto akiweza kuushika mkazo huo huku wengine wakipiga makofi kwenye cha kwanza, cha tatu na cha tano, amebeba zile hesabu mbili kwa wakati mmoja, moja mkononi na nyingine sikioni. Hakuna somo la nadharia litakalomweleza vizuri zaidi.

Baadhi ya wazazi huiogopa kayamba kwa sababu hupigwa pia kwenye matibabu ya pepo. Hofu hiyo naiheshimu, na hakuna haja ya kumpeleka mtoto huko. Ala hiyo hiyo hupigwa arusini, makanisani na kwenye mashindano ya shule. Mkutano ndio unaotofautiana, na mzazi ana haki ya kuchagua mkutano.

Mahali penyewe: ndani ya kundi

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kinanda cha betri hakiwezi kulitoa hata kingekuwa ghali vipi. Kwenye ngoma ya kijijini mtoto hafundishwi peke yake. Anapewa kayamba ndogo na kuachwa pembeni mwa wapigaji wazoefu. Akipotea, ngoma haisimami. Hakuna anayemkemea, na hakuna anayerudia tangu mwanzo kwa ajili yake. Vipigo sita vinazunguka tena, mlango wa kuingilia unafunguka tena, naye anaingia. Kosa lake halisikiki kwa sababu limefunikwa na wakubwa, ila akipatia anajisikia amepatia, kwa kuwa sauti yake inakaa sawa na yao.

Mwaka 2009 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, wakifanya kazi Leipzig nchini Ujerumani, walichapisha majaribio ya watoto wa miaka miwili na nusu, mitatu na nusu, na minne na nusu waliopiga ngoma kwa kufuata mdundo. Mara nyingine walipiga pamoja na mtu, mara nyingine na mashine inayopiga ngoma, mara nyingine walisikia sauti tu kutoka kwenye spika. Watoto wa rika zote walishika mwendo vizuri zaidi walipopiga na mtu. Mtoto anapoona mwenzake ana nia ya kupiga naye, mwili wake hujirekebisha kumfuata. Mashine haina nia. Simu nayo haina, hata ikiwa na nyimbo elfu za watoto.

Ndiyo maana nashauri hivi: dakika kumi za shangazi na kayamba zina faida kuliko saa nzima ya video. Na shangazi asipunguze ufundi wake. Apige kama apigavyo arusini, amwachie mtoto sehemu nyepesi.

Ngoma, dufu, halafu pumzi

Karibu na miaka mitano au sita, mkono ukiwa na adabu ya vipigo, mtoto anaweza kupewa ngoma. Apewe chapuo, ngoma ndogo, wala si vumi lenye sauti nzito. Afundishwe sauti mbili tu: ya katikati iliyo nene, na ya ukingoni iliyo kali. Kiganja kiguse ngozi na kuondoka mara moja, kwani kikibaki kinaua sauti. Ala ya hatua hii kwa watoto wengi wa Kidigo, ambao kwao ni Waislamu, hupatikana madrasani: dufu, pamoja na nyimbo za kaswida. Wako wazazi wasioafiki ngoma lakini huridhia dufu, na kimuziki mtoto hapotezi kitu. Sauti mbili zipo, kundi lipo, mwimbishaji na waitikiaji wapo.

Ala za kupuliza zingoje. Nzumari, inayoongoza ngoma ya Wadigo iitwayo sengenya, inadai pumzi isiyokatika: mpigaji huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kuisukuma nje. Chivoti, filimbi ya Wadigo ya kupuliziwa ubavuni, inataka mdomo uliotulia na vidole vinavyoziba matundu barabara. Mtoto mdogo hana bado mikono hiyo wala mapafu hayo. Mtaala wa Umilisi, CBC, nao umeiweka filimbi ya rikoda kwenye Gredi ya 4, wakati watoto wengi wana miaka tisa au kumi, na hapo mtaala na kijiji vinakubaliana. Mwalimu aanze na noti B, inayoshikwa kwa gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, aongeze A na G, kisha atafute nyimbo za kwao zinazoweza kuingia kwenye noti hizo tatu. Mtoto aliyekwisha kupita kwenye kayamba hatababaika na hesabu, atashughulika na vidole na pumzi peke yake. Hiyo ndiyo faida ya mpangilio: kila hatua inaleta ugumu mmoja mpya, si mitatu kwa mpigo.

Darasani

Mtaala wa Umilisi ulianza kote nchini mwaka 2019 kuanzia madarasa ya awali, na kwa Katiba ya 2010 elimu ya awali ni jukumu la kaunti. Kwa hiyo uamuzi wa nini kiwe kwenye kabati la darasa la PP1 huko Lunga Lunga au Matuga hauhitaji kungoja Nairobi. Naomba kabati hilo liwe na kayamba ndogo kumi za mtama na choroko, zilizofumwa na mafundi wa Kwale wenyewe na kulipiwa kwa haki. Naomba pia mpigaji mmoja wa kijiji aalikwe kila wiki kupiga pamoja na watoto. Asipewe ubao wala chaki, apewe nafasi katikati ya duara.

Shule zetu hupeleka sengenya kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na maandalizi hufanywa kwa haraka, watoto wakikaririshwa ngoma ambayo wengine hawajawahi kuishika. Mtoto aliyeanza kwa kayamba akiwa na miaka minne hakaririshwi. Anaingia kwenye sengenya akijua mdundo unakaa wapi, na mwalimu anabaki na kazi ya kupamba. Anayetaka washindi wa kesho aanze na darasa la awali leo, na mzazi anayetaka kununua kinanda asikatazwe kukinunua. Akiweke tu kabatini mpaka mtoto aweze kushika vile vipigo sita bila kusaidiwa.